Farasi wa viunzi kwa mtu mwenye ratiba finyu

Siku nne kwa wiki zinatosha, ila kuruka iwe siku moja tu. Nyingine ni za mazoezi ya mwendo na kujinyoosha kwa matembezi. Ukikosa siku, usiifidie kwa kuruka mara mbili. Miguu haijui habari za kazi yako.

Una dakika 40? Kumi za kwanza atembee, hatamu zikiwa zimelegea. Kisha laza miti minne chini, mita 1.3 kati ya mmoja na mwingine, aivuke kwa mbio nyepesi. Akigonga kila mti, nafasi haimfai: sogeza sentimita kumi, si zaidi. Siku ya kuruka, weka viunzi viwili vifupi umbali wa mita 7 hivi, apige hatua moja ya shoti katikati. Akirukia mbali mno, mara nyingi ni mpandaji aliyeinama mapema. Ruka mara 15 hadi 20, basi.

Kabla ya kumrudisha zizini pitisha kiganja kwenye kano za miguu ya mbele. Mguu mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, shindano la Jumamosi lisahau.

Shindanoni, jisajili kwa kimo kilicho chini ya kile anachoruka nyumbani. Kila kiunzi kinachoangushwa ni adhabu ya pointi 4.