Sarafu za majaribio: anza na heller ya Tabora

Nilistaafu karakana ya reli nikiwa fundi wa kukereza vyuma, ndiyo maana sarafu huitazama kwanza kama kazi ya fundi, kisha ndiyo kama fedha. Anayetaka kukusanya sarafu za majaribio namshauri afanye vivyo hivyo. Jua ilivyotengenezwa. Bei utaijua tu, wauzaji hawachoki kukutajia.

Sarafu ya majaribio ni ile iliyopigwa kwa idadi ndogo ili wakubwa waone sura yake au wapime madini yake kabla ya kuamua. Nyingi hazikuwahi kununua hata kibiriti. Kwa majirani zetu baadhi hujitaja zenyewe: za Kifaransa huandikwa ESSAI, za Kireno PROVA, za Kijerumani PROBE. Anayezitaka hizo aanze na ESSAI za Komoro za mwaka 1964. Ziweke chini ya lenzi: neno ESSAI limo ndani ya muhuri wenyewe, yaani chuma kilichochongwa ili kupiga sura ya sarafu, kwa hiyo herufi zimeinuka sawasawa na maandishi mengine. PROVA za Msumbiji ni habari nyingine, kwa kawaida neno limegongwa juu ya sarafu, likazama. Mwenye nyundo na herufi za chuma anaweza kuligonga hapo mezani kwake. PROVA isiyo na maelezo ya alikotoka mimi naiacha, hata iwe nzuri vipi.

Kuna na majaribio yaliyofanyiwa mifukoni mwa watu. Mwaka 1907 Waingereza walileta senti moja ya alumini kwa Afrika Mashariki na Uganda, na 1908 nusu senti ya alumini. Madini hayo yalikuwa mageni kabisa kwenye fedha, na joto na unyevu wetu vikayashinda. 1909 wakahamia mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ukiipata ya alumini, angalia vipele vyeupe usoni. Vikishaingia havitoki.

Lakini moyo wangu uko Tabora. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakitawala huku, manowari za Kiingereza ziliifunga bahari, na sarafu kutoka Berlin zenye alama ya A na za Hamburg zenye alama ya J hazikufika tena. Basi mwaka 1916 Wajerumani wakaigeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Zikatoka 5 heller (heller ilikuwa senti ya rupia yao) za shaba ya njano, 20 heller za shaba ya njano na nyekundu, na rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke zenye picha ya tembo, 16,198 tu. Zote zina herufi T. Septemba mwaka huohuo mji ukatekwa na jeshi lililotoka Kongo ya Wabelgiji, na kazi ikaishia hapo. Wataalamu watasema hizi ni fedha za dharura, si za majaribio. Sawa. Ila mafundi wa treni wanaogeuka wapiga sarafu, mimi siwezi kuwaweka kabati lingine.

Anza na 20 heller. Shika lenzi ya kukuza mara kumi, uangalie taji: kuna kubwa na kuna dogo. Geuza, utazame ncha za herufi L mbili kwenye neno HELLER. Muhuri mmoja una ncha zilizochongoka, mwingine zimejikunja, na upo ambao L ya pili peke yake ndiyo iliyojikunja. Andika muungano wa mbele na nyuma wa kila sarafu unayopata, pamoja na rangi ya shaba. Mkusanyiko wenyewe ndio huo, na unaweza kukuchukua miaka. Usishangae unene na uzito vikitofautiana. Vipande havikukatwa kwa usawa, na picha iliyokaa upande kidogo si kasoro ya kumrudishia muuzaji.

Rupia 15 ndiyo inayoigizwa sana. Inatakiwa iwe na gramu 7.168 na kipenyo cha karibu milimita 22. Nenda kwa sonara mwenye mizani ya kusoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ishushe sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa chini. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji iliyoyasukuma. Gawa uzito wa sarafu kwa namba hiyo: ya kweli itakupa 15 na kidogo, maana dhahabu yake ni robo tatu. Ikija 8 au 9, una shaba iliyopakwa. Baada ya hapo kagua ubavu mzima kwa lenzi. Sarafu hizi zimevaliwa shingoni, na sonara hodari anaweza kufuta alama ya risasi ya kulehemu kikuku isionekane kirahisi. Tafuta sehemu inayong'aa tofauti. Ukiona mstari mwembamba unaozunguka ubavu, au vitundu kama vya povu usoni, hiyo imemiminwa kwenye kalibu.

Usisafishe. Limau, majivu, Brasso, vyote vinakula sura ya sarafu, na rangi ya kahawia ya shaba ya 1916 hairudi. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, unyevu wa chumvi. Tumia bahasha za karatasi ndogo, si vifuko vya plastiki laini yenye harufu, maana hiyo hutoa ute wa kijani. Ndani ya kopo tia vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe masika yakianza.

Juu ya bahasha andika kwa penseli: uzito, aina ya taji, aina ya L, ulipoinunua, na mwezi na mwaka. Jina la muuzaji weka kwenye daftari la nyumbani, si kwenye bahasha utakayomwonyesha kila mgeni.