Utafiti wa Chuo Umeingiza Nini Sokoni? Namna ya Kupima Bila Kujidanganya

Nimetoka kumsaidia mwenzangu anayeshika dawati la uhawilishaji teknolojia, yaani kupeleka matokeo ya utafiti kwa wanaoyatumia, kwenye chuo kimoja. Menejimenti ilimtaka ajaze jedwali la "matokeo ya utafiti yaliyobiasharishwa", na alichokuwa nacho mkononi ni idadi ya makala na picha za maonesho. Naziandika hatua hizi kwa ajili yake na wengine wanaotwishwa kazi hiyohiyo. Vifaa ni Excel au LibreOffice, OpenRefine ambayo ni programu ya bure ya kusafisha data, na simu yenye salio. Akija mtu kukuuzia mfumo wenye rangirangi na grafu zinazojichora, mwambie arudi ukishamaliza hatua ya 4.

Hatua ya 1: Amua kipi kinahesabiwa

Kinachohesabiwa ni leseni inayolipiwa, mrabaha, kampuni iliyosimama juu ya utafiti na inayouza, na mbegu iliyo sokoni. Makala, warsha, banda la Nanenane na hati za makubaliano zilizosainiwa mbele ya kamera, hapana.

Kazi za ushauri wa kitaalamu zipe kolamu yake. Vyuo vyetu vingi vinapenda kuzichanganya humo kwa sababu zina hela, lakini mhadhiri aliyekagua mradi wa barabara hajabiasharisha utafiti wowote. Uingereza, kwenye takwimu zao za HE-BCI (za vyuo vikuu na biashara), mapato ya ushauri na ya miliki ubunifu huandikwa kila moja peke yake. Fanya hivyohivyo.

Tuzo nazo zikae pembeni. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda Africa Prize ya uhandisi mwaka 2015, pauni 25,000, kwa chujio lake la maji. Ni heshima kubwa, na fedha za namna hiyo huisukuma kampuni mbele. Ila kwenye jedwali lako tokeo la kibiashara ni machujio yaliyolipiwa na maji yaliyouzwa kupitia machujio hayo. Hundi ya tuzo ni kitu kingine.

Hatua ya 2: Orodha ya miradi

Ichukue kutoka kurugenzi ya utafiti. Kila mradi upe namba. Rudi nyuma miaka 10 au zaidi: ombi la hataza (haki ya kisheria juu ya uvumbuzi) ya Cohen na Boyer, watafiti wa kuunganisha vinasaba wa vyuo vikuu vya Stanford na California, Marekani, liliwekwa mwaka 1974, hataza ya kwanza ikatoka 1980, na mapato yaliendelea kuingia hadi 1997. Ukipima miaka 3 utaona patupu.

Hatua ya 3: Hataza

Usiishie BRELA, wakala wa usajili wa biashara na hataza wa Tanzania Bara. Maombi mengi ya kwetu hupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika lililopo Harare, na nyaraka zake huanza na herufi AP badala ya TZ. Tafuta kwenye hifadhi za hataza za mtandaoni: PATENTSCOPE, halafu Espacenet, halafu Lens, ambayo naipenda kuliko zote kwa kuwa inaunganisha makala na hataza zilizoyanukuu. Zanzibar ina msajili wake, BPRA. Kilichosajiliwa Bara hakikulindi Unguja.

Angalia mambo mawili. Namba inayoanza na WO ni ombi la kimataifa, bado si hataza, hata kama bango la chuo linasema vingine. Pili, ada ya mwaka isipolipwa hataza inakufa kimyakimya, kwa hiyo andika hali yake leo, si mwaka iliyotolewa tu.

Hatua ya 4: Kuoanisha majina

Hapa ndipo siku zinapoishia. Una orodha ya watafiti, ya wavumbuzi, na ya wenye hisa kwenye kampuni. Unataka kujua ni nani yumo kwenye zote tatu. Shida ni kwamba mtu mmoja ana majina manne.

Chukua mtafiti wa kubuni, Asha Ally Juma. Kwenye makala ni "Juma, A. A.". Kwenye hataza ni "Asha Juma". Kwenye orodha ya watumishi ni "Dkt. Asha Ally". BRELA ni "ASHA ALLY JUMA", kwa sababu usajili wa mtandaoni hufuata kitambulisho cha NIDA. Akiolewa akaanza kuchapisha kwa jina la mume, lipo la tano.

Fanya hivi:

Kwanza ondoa vyeo vyote: Dkt., Prof., Eng., Bi. Vikibaki vitakuvurugia kila kitu.

Ingiza orodha zote OpenRefine, kolamu moja ya majina na nyingine inayosema jina limetoka wapi. Fungua "Cluster and edit", anza na njia ya fingerprint. Hiyo hushusha herufi kubwa, hutoa alama, kisha hupanga maneno kwa alfabeti, hivyo "Juma, Asha Ally" na "Asha Ally Juma" vinakaa kundi moja. Haitakamata Mohamed na Mohammed, wala Ally na Ali. Kwa hao tumia njia ya Levenshtein, inayohesabu herufi zinazotofautiana, lakini usibonyeze kukubali yote kwa mkupuo. Itakuunganishia Hamisi na Hamisa kuwa mtu mmoja.

Vifupisho kama "A. A. Juma" hakuna programu itakayokuokoa. Juma wapo wengi, na wenye A mbili mbele si haba. Kwa hao dai ushahidi wa pili: idara ileile, mwandishi mwenza yuleyule, au namba ya ORCID, ambayo ni kitambulisho cha mtafiti mtandaoni. Ukikosa, andika "haijathibitishwa" na usonge mbele.

Jina la NIDA ndilo nanga; mengine yote yafunge kwake. Namba ya NIDA yenyewe usiihifadhi. Huihitaji, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo.

Majina ya vyuo nayo ni vivyo hivyo: chuo kimoja huandikwa "SUA", "Sokoine University of Agriculture" na "Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo", na yote hutokea, wakati mwingine na Morogoro mkiani. Tengeneza kamusi ndogo ya majina hayo mara moja, uitumie kila mwaka.

Usisahau wanafunzi. Kampuni nyingi zinaanzishwa na aliyefanya shahada ya uzamili, huku jina la msimamizi halipo kabisa kwenye karatasi za BRELA. Ongeza orodha ya tasnifu kutoka maktaba.

Hatua ya 5: Mbegu

Ukipima kwa hataza peke yake, chuo cha kilimo kitaonekana hakijafanya kitu. SUA 90, Rojo, Mshindi na Pesa ni maharage yaliyotoka SUA, na hutayaona Espacenet. Uliza TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kiasi cha mbegu kilichothibitishwa, kisha uliza ASA, wakala wa mbegu wa serikali, na kampuni za mbegu wameuza kilo ngapi.

Namba utakayopata itakuwa chini ya hali halisi. Harage hujichavusha lenyewe; mkulima akinunua mara moja, msimu unaofuata anapanda alizovuna, na jirani anagawiwa kisado. Andika hivyo chini ya jedwali. Usikisie.

Hatua ya 6: Fedha

Kolamu tatu: tarehe ya kusaini, tarehe hela ya kwanza ilipoingia, kiasi. Mhasibu ndiye chanzo, si mtafiti.

Wastani utakudanganya. Stanford iliuza hisa zake za Google, ilizopewa kama malipo ya leseni, kwa dola milioni 336. Ukitia kitu kama hicho kwenye wastani, kila leseni itaonekana mgodi. Andika namba ya katikati (median), na andika jumla mara mbili: pamoja na leseni kubwa kuliko zote, na bila hiyo.

Hatua ya 7: Warudishie wenyewe

Kila mstari upe daraja: utafiti ndio msingi wa bidhaa, umechangia, au inasemekana tu. Mtumie kila mtafiti mistari yake aikosoe kabla jedwali halijapanda juu. Wape wiki mbili. Asiyejibu mpigie, maana barua pepe za chuo watu wanazifungua wakitafuta hati ya mshahara.