Ukiulizwa "unataka mshahara kiasi gani" kwenye usaili, jibu hivi

Habari zenu wapendwa. Mimi kazi yangu ni kuajiri hapa Dar, napigia watu simu, nakaa kwenye usaili, naandika ofa. Kuna swali moja linaniumiza kila nikiliuliza, maana unakuta mtu alikuwa anajibu vizuri kabisa, anajiamini, anaeleza kazi alizofanya mpaka unafurahi, ukifika kwenye mshahara tu anainama anakwambia "chochote mtakachonipa nitashukuru". Jamani tafadhali, msijibu hivyo.

Kwanza mjue kwa nini tunauliza. Mara nyingi nafasi ikitangazwa bajeti yake imeshapita, watu wa fedha wamekubali, kuna kiwango cha chini na cha juu. Nikikuuliza nataka kujua kama tunaendana, nisije nikakuzungusha usaili wa kwanza, wa pili, halafu mwishoni tukashindwana kwenye hela. Sasa ukisema chochote unakuwa umeniachia mimi nipange, na mimi nina bosi wangu ambaye ataniuliza kwa nini umpe kiwango cha juu wakati mwenyewe hakuomba. Hapo umeshaumia kabla hujaanza kazi.

Maandalizi yanaanzia nyumbani. Kaa na kalamu, andika kodi ya nyumba, chakula, nauli, ada kama una watoto, hela unayotuma kijijini. Hiyo ndo inayotakiwa kuingia mkononi. Lakini kwenye usaili tunaongelea mshahara kabla ya makato, na hapa ndo vijana wengi wanapigwa bila kujua. Tuchukue laki nane. NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa makampuni mengi binafsi mnachangia nusu kwa nusu, wewe 10% na mwajiri 10%, kwa hiyo inatoka 80,000, inabaki 720,000 ambayo ndo inakatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara. Kwa viwango vya sasa 270,000 ya kwanza haikatwi kitu, kutoka hapo mpaka 520,000 ni 8% yaani 20,000, na ile 200,000 iliyobaki ni 20% yaani 40,000. Jumla ya PAYE 60,000, mkononi inabaki 660,000. Na kama ulisoma chuo kwa mkopo wa bodi ya mikopo na hujamaliza kulipa, wanachukua 15% ya mshahara wa msingi, kama laki nane yote ndo ya msingi ni 120,000, unabaki na 540,000. Laki nane imekuwa laki tano na arobaini! Kwa hiyo mtu anayehitaji laki nane mkononi akitaja laki nane mezani amejipunja mwenyewe, na mwezi wa kwanza tu akiona slipu anaanza kununa.

Kisha ulizia soko. Muulize mtu uliyesoma naye au aliyekutangulia anayefanya kazi kama hiyo, sio lazima akutajie wake, muulize tu "kazi kama hii wanalipa kati ya ngapi na ngapi", wengi wanasema.

Siku yenyewe usitaje namba moja, taja kiwango, na namba yako ya chini iwe ile ambayo ukipewa utafanya kazi kwa moyo, maana ndo nitakayoanza nayo. Sema mfano: "Kwa majukumu mliyonieleza dada, naangalia kati ya milioni moja na milioni moja na laki mbili kabla ya makato, ila ningependa kujua pia bima ya afya na alawansi zikoje." Halafu nyamaza. Usianze kujishusha mwenyewe kwa sababu nimekaa kimya, pengine naandika tu.

Nikikwambia bajeti haifiki hapo, usikasirike na usikubali palepale. Uliza kama mshahara unaangaliwa tena baada ya kipindi cha majaribio, uliza nauli, vocha, bima kama inabeba familia. Na saa za kazi jamani ulizeni, sheria ya ajira ya 2004 inasema saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki na ovataimu inalipwa si chini ya mara moja na nusu, ingawa mameneja hawamo kwenye hilo. Kazi ya Jumatatu mpaka Jumamosi jioni na ya Jumatatu mpaka Ijumaa sio mshahara mmoja hata kama namba inafanana.

Mshahara wa kazi unayofanya sasa usidanganye, tunaomba slipu. Kama hutaki kuutaja sema kwa heshima ungependa tuongelee nafasi hii, inakubalika.

Mkielewana, iwe kwenye maandishi. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi kazi yako, saa, mahali na malipo pamoja na marupurupu. Ahadi ya kwenye simu, hata ikitoka kwangu, usiitumie kuacha kazi uliyonayo. Subiri usaini, ndo upeleke barua ya kuacha, na kama unalipwa kwa mwezi notisi ni siku zisizopungua 28, kwa hiyo tukikuuliza unaanza lini zihesabu hizo kabisa, hakuna HR mwenye akili atakayekukata kwa kusema unataka kuondoka vizuri unakotoka.