Kabla ya Kununua Darubini ya Bunduki Nyepesi ya Kuwindia

Msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai 1, na miezi miwili mitatu kabla ya hapo wenye leseni hapa Arusha huanza kuulizana habari za darubini. Swali la kwanza karibu kila mara ni moja: inavuta mara ngapi? Kwa bunduki nyepesi, ile ya kilo 2.5 hadi 3 ambayo mtu ameinunua ili atembee nayo kutwa kwenye vichaka vya Longido au mbuga za Simanjiro, mimi naliweka swali hilo mwisho. Linatanguliwa na uzito, jicho na mwanga. Linatanguliwa pia na mnyama mwenyewe, anayestahili risasi moja iliyokwenda mahali pake.

Naizungumzia bunduki ya swala, kongoni, ngiri na tandala, zile za risasi za ukubwa wa .270, .308, .30-06 na jamaa zake. Nyati ana bunduki yake, .375 kwenda juu, na darubini yake ni habari nyingine.

Anza na mizani. Darubini ya kawaida inayovuta mara 3 hadi 9, yenye kioo cha mbele cha milimita 40 na bomba la inchi moja, ina gramu 350 hivi. Ukihamia kwenye zile za kioo cha milimita 50 au 56 na bomba la milimita 30, utakuta gramu 600, 700 na zaidi, na hapo hujahesabu pete za kuifungia. Ile nusu kilo uliyolipia pesa nyingi ili ipunguzwe kwenye bunduki umeirudisha mwenyewe, tena umeirudisha juu, mahali pabaya. Bunduki inakuwa na kichwa kizito, inataka kupinduka mkononi, na ukiilaza kwenye magongo ya kulengea haitulii. Kipimo ninachokitetea ni hiki: darubini na pete zake, vyote pamoja, visizidi nusu kilo.

Wapo wanaosema uzito wa darubini unapunguza teke, yaani kishindo cha bunduki begani inapofyatuliwa. Unapunguza kidogo sana. Kwa risasi ile ile, bunduki ya kilo 3 hurudi begani na nishati iliyozidi ile ya bunduki ya kilo 4 kwa theluthi nzima, na gramu 300 za kioo haziwezi kufidia tofauti hiyo. Kinachomlinda mpigaji ni nafasi kati ya jicho lake na kioo cha nyuma. Tafuta darubini inayokupa picha kamili ukiwa umbali wa sentimita 9 hadi 10. Pungufu ya hapo, siku utakapolenga kuelekea juu ya mlima au ukiwa umeketi, shingo itasogea mbele yenyewe na ukingo wa darubini utakupasua nyusi. Wengi huchukulia kovu hilo kama alama ya uwindaji. Ubaya wake mkubwa ni kwamba aliyepigwa mara moja huanza kufumba jicho kabla ya kufyatua, na mnyama ndiye anayelipa.

Kulijaribu jambo hili ni rahisi. Hakikisha bunduki ni tupu, vaa koti utakalovaa alfajiri ya Julai, maana baridi ya Arusha mwezi huo si ya shati, kisha weka darubini kwenye mvuto wake wa juu kabisa. Fumba macho, lete bunduki begani kama unavyofanya siku zote, halafu fumbua. Picha ikiwa duara kamili, sawa. Ukiona kivuli cheusi pembeni, isogeze darubini, na kama bado haikubali, si ya kwako hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Jaribio la mvuto mdogo halikwambii kitu, kwa sababu hapo kila darubini husamehe.

Sasa mwanga, na hapa ndipo watu wanapoteza pesa. Vioo vikubwa vya milimita 56 vilikuzwa na wawindaji wa Ulaya ya kati, Ujerumani hasa, wanaokaa juu ya vibanda wakisubiri nguruwe pori kwa mwanga wa mwezi. Jioni za kwao zinavutwa muda mrefu. Za kwetu, karibu na Ikweta, hazivutwi: jua linazama saa 12 na nusu hivi, na dakika 20 baadaye giza limeshaingia. Tena sheria zetu zinakataza kuwinda usiku. Unanunua kioo cha saa ambayo hutakiwi kuwa na kidole kwenye kifyatulio.

Hesabu yenyewe mtu anaweza kuifanya dukani bila msaada. Gawanya upana wa kioo cha mbele kwa mvuto, unapata upana wa mwanga unaofika kwenye jicho. Milimita 40 ukizigawa kwa 9 ni 4.4, na ukizigawa kwa 5 ni 8. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi, na ya mtu aliyevuka miaka 50 mara nyingi haifiki hapo. Kwa hiyo kioo cha 40 kilichoshushwa hadi mara 5 au 6 kinalipa jicho lako karibu kila linachoweza kupokea. Kilichobaki ni ubora wa kioo na utando wa kinga uliopakwa juu yake, na huko ndiko pesa ziende.

Mvuto mkubwa una adui mwingine hapa kwetu, joto. Kufikia saa 4 asubuhi kwenye tambarare za Simanjiro hewa inatetemeka juu ya ardhi, na ukivuta mara 14 unachokuza ni huo mtetemo. Ukishuka hadi 4 au 6, swala anatulia machoni. Vichakani nako unahitaji upana: mvuto wa 3 unakuonyesha takriban mita 11 za uwanja kwa umbali wa mita 100, wa 9 unakuonyesha kama mita 4 na nusu. Tandala mdogo hakupi muda wa kumtafuta ndani ya tundu. Na kumtambua mnyama ni kazi ya darubini ya mkononi. Usimwelekezee mtutu kitu ambacho hujakijua, huenda ni mchungaji na ng'ombe wake.

Alama ya kulengea iwe msalaba wa kawaida, mistari minene pembeni na myembamba katikati. Zile zilizojaa vidoti na namba hazina kazi chini ya mita 200, na umbali zaidi ya huo mimi nauita sababu ya kusogea karibu.

Kwenye kufunga, pete ziwe fupi kadiri kioo cha mbele kinavyoruhusu bila kugusa mtutu, ili shavu libaki kwenye kitako. Hakikisha mkono wa bolti, ule wa kuingizia risasi, haugongi darubini ukipandishwa. Skrubu za pete zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, mara nyingi ni newtoni-mita 2 tu, kwani bomba jepesi huminyika.

Kisha uwanja wa shabaha. Mtutu mwembamba hupata moto haraka na risasi huanza kuhama, hivyo piga tatu, uache upoe kabisa, ndipo ugeuze kliki, zile hatua ndogo za kifundo cha kurekebishia darubini. Kliki nyingi husogeza risasi milimita 7 kwa mita 100. Kwa .308 au .30-06, ukiiweka risasi sentimita 4 hadi 5 juu ya kitovu cha shabaha kwa mita 100, itarudi kwenye kitovu karibu na mita 200. Andika mahali risasi ya kwanza ya mtutu baridi inapoangukia, maana hiyo ndiyo utakayompigia mnyama.

Ukifika kambini, usiiamini ile shabaha ya mjini. Barabara ya vumbi kuelekea Ziwa Natron inalegeza hata nati za gari. Mwombe askari wa wanyamapori mliye naye awaonyeshe mahali salama, kagua skrubu zote, futa vumbi kwenye vioo kwa brashi laini na si kwa kona ya shati, upige risasi mbili kwenye karatasi kabla ya kuanza kufuata nyayo.