Namna ya Kuandaa Ombi la Fedha kwa Mfuko wa Dunia

Mfuko wa Dunia, ulioanzishwa mwaka 2002 kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ambayo Malengo ya Maendeleo Endelevu yanataka yatokomezwe kama majanga ifikapo 2030, hupokea ombi kupitia kamati ya kitaifa ya uratibu, ambayo kwa Tanzania huitwa TNCM; hivyo asasi yako imtafute mwakilishi wa asasi za kiraia humo kabla rasimu haijaandikwa. Katika bajeti ya vyandarua, usiishie kwenye bei ya kununulia: weka usafirishaji kutoka bohari hadi zahanati na posho za wagawaji, kwani hapo ndipo mipango mizuri hukwama. Ainisha pia mchango wa serikali, maana sehemu ya mgao ambao Mfuko huitengea nchi hutegemea ahadi hiyo ya serikali.