Umeme, Betri au Petroli: Kuchagua Mashine ya Kufyekea Nyasi za Uwanjani na Shambani

Mvua za masika zinapokatika, nyasi za uwanjani na za kingo za shamba huwa zimefika magotini, na swali ambalo wakulima huniuliza zaidi katika majuma hayo ni mashine ipi ya kufyekea inunuliwe: ya kuchomeka kwenye soketi, ya betri, au ya petroli. Wengi huuliza wakiwa wameshaiona mashine dukani na kutajiwa bei, na wanachotaka ni kuambiwa kwamba wamechagua vyema. Mimi humwomba kila mmoja anieleze kwanza mambo matatu: nyasi zake ni za aina gani, eneo lake lina ukubwa gani, na nyasi hizo ziko umbali gani kutoka kwenye soketi. Majibu hayo huchagua mashine kabla bei haijaingia katika mazungumzo.

Tuanze na nyasi, kwa sababu ndizo zinazosahaulika. Mashine hizi hukata kwa uzi wa nailoni unaozunguka kwa kasi kubwa. George Ballas wa Houston, Texas, ndiye aliyebuni mtindo huo mwaka 1971 baada ya kutazama brashi za kuoshea magari zinavyozunguka, na jaribio lake la kwanza lilikuwa kopo la bati lililotobolewa na kupitishwa nyuzi za kuvulia samaki. Uzi hauna makali; hukata kwa mwendo wake tu, ndiyo maana huweza kufyeka hadi kwenye kona ya ukuta au kando ya jiwe ambako kwanja lingegonga na kupinda, na ndiyo maana pia hushindwa mbele ya shina gumu. Ukoka na nyasi nyingine laini hukatika vizuri kwa mashine yoyote kati ya hizo tatu. Mabingobingo yaliyokomaa, vichaka vya lantana na machipukizi ya miti huhitaji kisu cha chuma, na kisu cha chuma huhitaji injini yenye nguvu, mpini ulionyooka, mishikio miwili na mkanda wa begani. Mwenye kichaka cha namna hiyo asipoteze fedha kwa mashine ndogo ya umeme au ya betri akidhani atabadilisha kichwa baadaye, kwa maana nyingi hazikutengenezwa kubeba kisu, na kulazimisha kisu kwenye mashine isiyo yake ni kuitafutia miguu hatari.

Mashine ya kuchomeka kwenye soketi hudharauliwa bila haki. Ni nyepesi, haina kabureta ya kuziba wala betri ya kuchoka, na yenye wati 500 ikifanya kazi saa nzima hula nusu uniti tu ya umeme. Kwa uwanja ambao hakuna kona yake iliyo zaidi ya mita 30 kutoka kwenye soketi, na kwa mtu ambaye fedha zake ni za kuhesabu, ndiyo ninayoitaja kwanza. Kasoro yake ni waya. Ekstensheni nyembamba ya ndani, ile ya kuchajia simu na kuwashia redio, haifai kabisa. Tafuta waya wa kazi za nje wenye shaba ya milimita za mraba 1.5, na uukunjue wote kabla ya kuwasha, kwa sababu sehemu inayobaki imezungushwa kwenye gurudumu lake hupata joto hadi ganda likalainika. Upitishe nyuma yako, usikatize kamwe mbele ya uzi unaozunguka. Nyasi zikiwa na umande, kazi isubiri jua. Nasisitiza pia fundi aweke kwenye bodi ya umeme kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Breka ya kawaida hulinda waya usiungue. Haimlindi mtu aliyekata waya huo akiwa amesimama peku kwenye nyasi mbichi.

Mashine ya betri nitakaa nayo zaidi, kwa sababu ndiyo inayovutia wanunuzi wengi siku hizi na ndiyo yenye maandishi ya udanganyifu mengi sokoni. Kipimo cha kweli cha betri ni wati-saa, na huzipata kwa kuzidisha volti kwa ampia-saa. Betri ya volti 18 yenye ampia-saa 4 ina wati-saa 72. Mashine inayovuta wati 300 kwenye nyasi nzito itaimaliza kwa takriban robo saa. Betri ya volti 36 yenye ampia-saa 5 ina wati-saa 180, na kwa kazi hiyohiyo itakufikisha zaidi kidogo ya nusu saa. Nyasi zikiwa fupi na kidole kikiachia swichi kila unapohama, muda huo hurefuka, lakini hesabu yenyewe haibadiliki, na mwenye robo eka ya nyasi zilizokwisha kurefuka aijue kabla ya kulipa.

Sasa, volti 20 zinazoandikwa kwenye mashine nyingi ni betri ileile ya volti 18 iliyopimwa ikiwa imejaa na bila mzigo: ndani mna seli tano zilizopangwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 3.6 za kawaida na zaidi kidogo ya 4 inapojaa. Huo si uongo mkubwa. Maandishi kama 128VF au 388VF, ambayo mara nyingi hubandikwa kwa herufi kubwa kwenye betri za umbo lilelile dogo, ni jambo jingine, kwani hizo si volti hata kidogo. Njia rahisi ya kuhakiki ampia-saa ni mizani ya duka la sukari. Seli za mviringo zinazotumika sana, aina ya 18650, huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50 kila moja na hubeba ampia-saa 2 hadi 3.5, hivyo pakiti ya volti 18 inayodai ampia-saa 4 kwa seli hizo lazima iwe na safu mbili za seli tano, jumla seli kumi, yaani karibu nusu kilo kabla hujahesabu ganda lake. Pakiti ikisoma gramu 350, humo ndani mna seli tano, na dai la ampia-saa 4 haliwezi kuwa kweli. Muulize pia muuzaji kama betri ya ziada inauzwa peke yake na kwa bei gani, maana betri za chapa moja haziingii kwenye mashine za chapa nyingine, na asiyeweza kukuuzia betri ya pili anakuuzia mashine itakayokufa pamoja na betri yake ya kwanza. Kinyume chake, kama tayari una drili au bomba la kupulizia dawa linalotumia betri za chapa hiyo, unaweza kununua mashine tupu ukaokoa fedha nyingi.

Adui wa betri hizi ni joto. Ikitoka kazini ina moto, iache kivulini ipoe ndipo uichaji. Usiihifadhi chini ya bati wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Na kama haitatumika kwa miezi kadhaa, iache ikiwa na chaji ya nusu hivi. Kuichaji hakugharimu sana, kwani betri ya wati-saa 72 hula chini ya sehemu ya kumi ya uniti, na mwenye sola ya kutosha anaweza kuichaji mchana jua likiwa kali bila kusubiri umeme urudi.

Petroli hubaki na nafasi yake shambani. Pale ambapo kazi ni ya eka nzima, hakuna soketi, na nyasi zimechanganyika na vichaka, sioni mbadala ulio ndani ya uwezo wa mkulima wa kawaida. Mashine ya namna hiyo hunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na uzi wake huwa mnene, milimita 2.4 hadi 3, wakati mashine ndogo za betri hutumia uzi wa milimita 1.6 hadi 2. Nyingi zina injini ya mipigo miwili, ambayo hulainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli yenyewe. Mashine yangu ya kwanza iliharibika kwa kosa langu: nilimwachia kijana anayenisaidia dumu la petroli isiyochanganywa na oili bila kumweleza lolote, na kabla tangi halijaisha pistoni ilikuwa imekwama ndani ya silinda. Tangu siku hiyo hutumia bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa za mifugo. Kitabu cha mashine kikisema uwiano wa 50 kwa 1, bomba moja lililojaa oili yenye alama ya 2T latosha lita moja ya petroli. Kikisema 25 kwa 1, ni mabomba mawili. Mchanganyiko ukae kwenye dumu lililoandikwa kwa rangi, na kamwe usiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwa sababu mtoto mwenye kiu hasomi harufu.

Zipo pia za mipigo minne, kama zile zenye injini ya Honda GX35 ya sentimita za ujazo 35.8, ambazo hutumia petroli tupu na huwa na oili yake mahali pake. Mimi huzipendelea, ingawa ni ghali, mradi oili ikaguliwe kila asubuhi na kila anayeishika ajue kwamba haichanganyiwi kitu.

Anayefyeka mara mbili tu kwa mwaka ndiye ninayemshauri zaidi aiepuke petroli. Mafuta yaliyokaa kwenye kabureta zaidi ya mwezi huanza kuharibika na kuacha utando unaoziba matundu madogo, na mashine iliyokuwa ikiwaka kwa mvuto mmoja hupelekwa kwa fundi bila hata kuchakaa. Ukimaliza msimu, mwaga mafuta ya tangini kwenye dumu, kisha iwashe mpaka izime yenyewe. Kelele nayo isipuuzwe. Kanuni inayotumiwa na wengi husema masikio yasiyokingwa huvumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua nusu. Kwenye desibeli 94, ambazo mashine nyingi za petroli huzifikia na kuzipita, inabaki saa moja. Vifuniko vya masikio, miwani ya kazi na mabuti ni sehemu ya bei ya mashine. Watu na mifugo wakae mita 15 mbali, iwe mashine ya aina gani, kwa sababu kokoto inayorushwa na uzi haichagui jicho.

Jambo moja linazihusu zote tatu, na ndilo linalonisikitisha zaidi ninapotembelea mashamba machanga. Mche wa parachichi ukianza kuwa na majani ya njano bila sababu inayoonekana, mimi huinama na kufukua nyasi shinani, na mara nyingi nakuta gamba limechunwa kuzunguka shina kwa upana wa vidole viwili, ngozi ya ndani imekauka na kuwa kahawia. Uzi ndio uliopita hapo. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia tabaka hilo la gamba, na likikatika mduara mzima mti hufa njaa taratibu kuanzia chini. Kwa hiyo nusu mita kuzunguka kila shina ipaliliwe kwa mkono na kufunikwa matandazo yasiyogusa gamba, na mashine ipite nje ya duara hilo. Nyasi zitakazoliwa na ng'ombe zikatwe kwa mundu, kwa sababu uzi huacha vipande vya plastiki ndani ya majani. Na penye mnyauko wa migomba, kama ilivyo sehemu za Kagera, mashine isiingie kabisa kati ya mashina: ugonjwa huo husambazwa na chombo chochote kilichogusa utomvu wa mgomba unaougua, panga huweza kupitishwa kwenye moto au kutiwa kwenye Jik, lakini uzi wa nailoni hauchomwi, na kinga ya mashine pamoja na kichwa chake hubaki na utomvu mahali ambapo kitambaa hakifiki.