Somo: Simu janja yako ya kwanza, na bando dogo linalokutosha

Jumamosi iliyopita kwenye kikao cha kikoba chetu hapa Muheza, mama mmoja anayeuza machungwa stendi alinyoosha simu yake mpya akasema: "Mwalimu, hii simu inakula. Jumatatu nimejiunga MB 500, Jumanne asubuhi naambiwa kifurushi kimeisha. Na mimi sijafanya kitu, nimemwangalia mjukuu wangu WhatsApp tu."

Nikaiomba. Nikafungua Mipangilio, nikaingia kwenye matumizi ya data. Play Store: MB 372. Programu ya kuhifadhi picha: MB 81. WhatsApp: MB 29. Vingine vidogo vidogo: MB 18. Yaani katika zile MB 500, alizotumia yeye ni 29. Nyingine zote simu ilijitumia yenyewe usiku, ikisasisha programu ambazo hajawahi kuzifungua na kupandisha mtandaoni picha za machungwa yake.

Nimeandika somo hili kwa ajili yake, na kwa kila aliyezoea kitochi na sasa ameshika simu ya tachi kwa mara ya kwanza. Halianzi na kifurushi. Linaanza na simu, kwa sababu kumimina maji kwenye ndoo iliyotoboka ni hasara hata ukipewa maji kwa bei nafuu.

Hatua ya 1: Kabla hujatoa hela

Ukiwa bado dukani, piga *#06#. Itatokea namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, tarakimu 15. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili. Linganisha na zilizoandikwa kwenye boksi, kisha tuma namba hiyo kwa ujumbe wa kawaida kwenda 15090. Utajibiwa ni simu ya aina gani. Ukitajiwa simu nyingine kabisa na hiyo uliyoshika, mrudishie mwenye duka. Wengi tunakumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu feki: mtu aliamka, simu iko mkononi, mtandao hakuna.

Simu ya mtumba ina mtego wake. Android hukumbuka akaunti ya Google ya aliyeitumia kabla yako. Ukiifuta simu yote ukiwa nyumbani wakati akaunti ile bado imo, itakudai barua pepe na nywila ya mtu usiyemjua, na hutaweza kusonga mbele. Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya macho yako, aifute simu, aiwashe mpaka ifike kwenye skrini ya kawaida bila kudai akaunti ya mtu. Hapo ndipo ulipe. Na risiti iandikwe IMEI.

Kuhusu nafasi ya kuhifadhi vitu ndani ya simu: GB 32 ni ndogo, maana mfumo wa simu wenyewe unachukua sehemu kubwa. Ukiweza kufika GB 64, fika. Kamera usiipe kipaumbele kuliko hilo.

Hatua ya 2: Laini, na majina ya watu wako

Hapa ndipo watu wanapoteza kitu ambacho hakinunuliki. Vitochi vingi vinatumia laini kubwa, simu janja inataka laini ndogo ya nano. Usikubali kukatiwa kwa mkasi. Nenda duka la mtandao wako na namba yako ya NIDA, weka kidole, upewe laini mpya. Namba yako inabaki ile ile, na hela yako ya simu inabaki.

Ila majina uliyohifadhi kwenye laini ya zamani hayahami. Yanabaki kwenye kile kipande utakachokitupa. Kwa hiyo, kabla hujatoka nyumbani, fungua orodha ya majina kwenye kitochi, chagua kunakili yote kutoka kwenye laini kwenda kwenye simu. Laini mpya inakuja kwenye kadi yenye alama za vipimo vitatu. Mwombe mhudumu asiibandue mpaka kipimo kidogo. Iingize kwanza kwenye kitochi kwa kipimo chake, nakili majina kutoka kwenye simu kwenda kwenye laini, halafu ndiyo uibandue iwe nano. Ukimaliza Hatua ya 4 na kuiweka kwenye simu janja, ingia kwenye Anwani, yaani orodha ya majina, chagua kuingiza majina kutoka kwenye laini, na uyahifadhi kwenye akaunti yako ya Google. Kazi ya dakika kumi. Nimemwona mzee wa watu akilia kwa sababu namba za wanawe watatu walio mbali zilipotea siku moja.

Ukiwa hapo hapo, piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukiona usiyoijua, mwambie mhudumu aifute kabla hujaondoka.

Hatua ya 3: Washa bila laini

Siku ya kwanza simu isiwe na laini yenye bando. Nenda kwa ndugu au mahali penye Wi-Fi, maana simu mpya ina njaa ya masasisho, na yale yanaweza kuwa GB nzima. Chagua lugha, Kiswahili kipo na kimetafsiriwa vizuri. Unganisha Wi-Fi. Kisha fungua akaunti ya Google.

Nasisitiza: fungua wewe. Kijana wa dukani atakwambia "lete nikufungulie," atabonyeza haraka haraka, ataweka nywila anayoijua yeye, na kesho hamkumbuki nyote wawili. Siku simu ikiibwa au ukitaka kuhamia nyingine, majina yako yamefungiwa ndani. Andika barua pepe na nywila kwenye daftari linalokaa nyumbani.

Weka na namba ya siri ya kufungulia simu. Isifanane na ya M-Pesa au Airtel Money.

Acha simu kwenye Wi-Fi isasishe kila kitu, weka WhatsApp, halafu nenda hatua inayofuata kabla hujatoka pale.

Hatua ya 4: Ziba matundu

Play Store: gusa picha yako juu kulia, Mipangilio, mapendeleo ya mtandao, kusasisha programu. Chagua Wi-Fi pekee. Hili tundu ndilo lililommaliza zaidi mama wa machungwa.

Programu ya picha: zima kuhifadhi nakala kwa data ya simu.

WhatsApp: kwenye Mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, kuna orodha ya vitu vinavyojipakua vyenyewe ukiwa kwenye data: picha, sauti, video, hati. Ondoa alama zote. Tangu hapo video ya kikundi itakuja na ukungu na ukubwa wake umeandikwa, nawe utaamua kama MB 14 za mahubiri unazihitaji leo.

Kiokoa Data: kipo kwenye Mipangilio, Mtandao na intaneti. Kiwashe, ila WhatsApp iruhusu itumie data ili ujumbe ukufikie. Kinazuia programu usizozitumia kwa wakati huo zisivute data kwa nyuma.

Wapo wanaofundisha kuzima data muda wote na kuiwasha unapotaka tu. Mimi sikubaliani nao kwa mtu wa matumizi madogo. Ukizima, ujumbe wa msiba unakufikia kesho. Matundu yakishazibwa, simu iliyolala inatumia kidogo sana, na una haki ya kupatikana.

Hatua ya 5: Sasa ndiyo bando

Usiulize jirani anajiunga lipi. Chukua daftari. Kwa siku saba, kila usiku, fungua matumizi ya data na uandike umetumia MB ngapi. Andika pia dakika ulizopiga.

Tuseme umepata MB 40 kwa siku. Hiyo ni MB 280 kwa wiki, kama MB 1,200 kwa mwezi. Ukijiunga bando la saa 24 la shilingi 500 kila siku, mwisho wa mwezi umetoa shilingi 15,000. Ukijiunga la wiki la 2,000 mara nne na ushee, umetoa chini ya 9,000. Bei hizi nimeziweka kwa ajili ya hesabu tu, za kwako zisome kwenye menyu: Vodacom *149*01#, Airtel *149*99#, Yas (iliyokuwa Tigo) *147*00#, Halotel *148*66#. Lakini hesabu haibadiliki. Bando la siku linaonekana dogo kwa sababu unalilipia kidogo kidogo.

Kisha tafuta kifurushi kisichoisha muda. Ukigawanya bei kwa MB utaona ni ghali kuliko cha wiki, na wengi hukiruka kwa sababu hiyo. Kama wiki moja unatumia MB 40 kwa siku na wiki nyingine MB 10 kwa siku, usikiruke. Bei ya kweli ni ya MB ulizozitumia, na zile zilizokufa Jumapili saa sita usiku ulizilipia pia.

Ukiulizwa kama kifurushi kijirudie chenyewe, kataa. Jiunge mara moja moja. Na jueni kwamba kanuni za vifurushi za TCRA za mwaka 2021 zinataka mtandao ukutaarifu matumizi yakifika asilimia 75 na yakifika 100, na usikate salio la kawaida kwa data bila ridhaa yako. Kwa hiyo ule ujumbe wa kuomba ridhaa usiubonyeze kwa haraka. Usome.

Maswali ya wanakikundi

*Mwalimu, kumpigia mjukuu WhatsApp na kumpigia kawaida, ipi nafuu?* (mama wa machungwa)

Shikamoo mama. WhatsApp ya sauti inakula data kidogo, ya video inakula nyingi mno kuliko hiyo. Kama bando lako lina dakika na zinaelekea kuisha muda, zitumie hizo kwanza. Video iweke siku moja ya wiki mliyokubaliana, ukiwa na bando la kutosha. Ukitaka kujua hasa, kwenye Mipangilio ya WhatsApp kuna matumizi ya mtandao, na simu zote ulizopiga zimehesabiwa peke yake.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni bodaboda, wateja wote wana namba hii. Nikitaka mtandao wenye bando nafuu lazima nibadili namba?*

Marahaba. Si lazima. Tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako ile ile. Nenda kwa wakala wa mtandao unaouendea na namba ya NIDA. Utatuma neno HAMA kwenda 15080, kisha utapewa laini mpya. Kabla ya hapo toa hela yote kwenye akaunti ya simu na umalize mkopo wa salio kama unao. Na uliza kwanza mtandao huo unashika vipi vijijini unakopeleka abiria.

*Nimeletewa ujumbe "ile hela tuma kwenye namba hii." Kweli nilikuwa nasubiri mtu anitumie namba ya kumtumia hela. Nimjibu?*

Usijibu, usitume. Mpigie unayemjua kwa namba uliyo nayo siku zote. Ujumbe huo unatumwa kwa maelfu ya watu, ukimkuta mmoja aliye kwenye hali kama yako inatosha. Peleka namba ya tapeli kwenda 15040. Na ukiwa na simu janja kuna mwingine: anayekuomba tarakimu sita zilizokuja kwenye ujumbe. Hizo ni ufunguo wa WhatsApp yako. Usimpe hata akijitambulisha kwa jina la mwanao.

*Bando la usiku ni GB nyingi kwa bei ndogo. Kwa nini hulisemi?*

Kwa sababu unalala. Lina faida kwa mwanafunzi anayepakua masomo au fundi anayesasisha simu za watu. Wewe usidhulumu usingizi wako kwa ajili ya GB ambazo mchana huzihitaji.

*Nataka taarifa ya habari na mpira, bando ni dogo. Nifanyeje?*

Angalia kama simu yako ina redio ya FM. Nyingi za bei ya chini zinayo. Chomeka waya wa masikioni, maana ndio antena yake. Haitumii hata MB moja. Ile ya kusikiliza redio kupitia programu ya intaneti ni kitu kingine, hiyo inakula.

*Simu inasema nafasi imejaa na ina miezi miwili tu.*

Ni vikundi. Ingia WhatsApp, hifadhi na data, dhibiti hifadhi. Itakuonyesha kikundi kipi kimebeba nini, kikubwa kikiwa juu. Futa video kubwa kwanza. Nilipofanya hivi kwa mwanakikundi mmoja, kikundi cha harusi iliyokwisha kufungwa Februari kilikuwa kimeshika GB 3.

*Na kitochi changu nikiuze?*

Usikiuze. Kama una laini mbili, ile yenye hela iache ndani ya kitochi, na ya bando iwe kwenye simu janja. Simu janja ndiyo inayovutia vidole vya watu kwenye daladala na stendi. Ikiondoka, hela yako bado iko mfukoni mwingine, na una namba ya kunipigia jioni hiyo hiyo tukaizuie.